Shaaban Robert na Jina la Mswahili



Kwetu Rwanda neno Mswahili halikuwa sifa. Mtu akisema fulani ni umuswahili, pengine alimaanisha tu kwamba ni Muislamu, lakini mara nyingi alitia na mengine ndani yake: mjanja, mwenye maneno mengi, mtu asiyejulikana kwao ni wapi. Historia ya jambo hili si ya siri. Uislamu ulifika nchini pamoja na wafanyabiashara wa pwani, askari na makarani wa zama za Wajerumani. Msikiti wa kwanza wa Kigali ulijengwa mwaka 1913. Walipokuja Wabelgiji, Waislamu wakatengewa mitaa yao mijini, mitaa iliyoitwa kambi za Waswahili, na shule nyingi zikabaki mikononi mwa misheni. Mnyarwanda akisilimu, watu walimtazama kama aliyehama ukoo. Babu zetu wengi walibeba jina la Mswahili kama mzigo waliotwishwa na watu wengine.

Miaka hiyohiyo, katika Tanganyika, alikuwapo karani mmoja wa serikali ambaye jina hilo alilichukua kwa mikono yake miwili. Ukoo wake ulikuwa wa Wayao, na angeweza kujiita Myao bila ya mtu kumuuliza. Yeye akajihesabu Mswahili. Karani huyo ni Shaaban Robert, na ninaamini kwamba sisi wanafunzi wa Kiislamu wa nchi za maziwa makuu tunamsoma vibaya. Tunamsoma kwa ajili ya mtihani, tunakariri majina ya vitabu, tunamwita baba wa fasihi, basi. Maisha yake yenyewe hatuyaangalii.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Jina lake huwashangaza wengi wanapolisikia mara ya kwanza. Shaaban ni mwezi unaotangulia Ramadhani, na Robert ni jina la Kizungu. Robert alikuwa baba yake. Mwana alikuwa Muislamu tangu utoto mpaka kaburini, akaandika kama Muislamu, wala hakulificha jina la mzazi ili aonekane Muislamu zaidi. Kwa sisi tunaosoma masomo ya dini hapa pana faida ndogo. Suratul Ahzab imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, na Ikrima, Allah amridhie, alibaki kuwa mwana wa Abu Jahl hata baada ya kusilimu na kupigana upande wa Waislamu. Wapo ndugu zetu hapa chuoni ambao baba zao ni kina Emmanuel na Jean Bosco, na kila fomu ya jumuiya ikipita wanaandika jina la kwanza tu. Sijui wanamwonea haya nani.

Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Katika mtihani wa kumaliza shule waliofaulu walikuwa kumi na mmoja, naye akawa wa pili. Leo idadi hiyo ni ndogo kuliko safu moja ya ukumbi wetu wa mihadhara, lakini kwa Mwafrika wa wakati ule cheti hicho kilikuwa mlango wa ofisi. Akaingia katika idara ya forodha mwaka 1926 na kukaa humo hadi 1944, sehemu kubwa huko Pangani, bandari ndogo ya zamani ambapo mto unaingia baharini. Kisha akahamishiwa idara ya wanyamapori huko Mpwapwa, bara, mbali na bahari. Mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya jimbo, na kuanzia 1952 akawa katika ofisi ya upimaji ardhi mpaka alipostaafu kiasi cha mwaka 1960. Ukiyajumlisha, ni zaidi ya miaka thelathini ya meza, wino na majalada, chini ya wakubwa wa Kizungu ambao wengi wao hawakuwa na elimu ya lugha hata robo ya ile aliyokuwa nayo karani wao.

Mashairi, insha, tenzi na hadithi zote ziliandikwa pembeni mwa kazi hiyo. Hakuwa na likizo ya kuandika wala ufadhili. Mara nyingine nikisikia sisi tukilalamika kwamba ratiba ya masomo haituachii nafasi ya kusoma kurasa mbili za ziada, humkumbuka yeye huko forodhani.

Katika miaka ya Pangani alioa, akapata watoto, na kabla hajafika umri wa miaka arobaini mkewe Amina alifariki. Shairi alilomwandikia, lenye jina la marehemu, linasomwa mpaka leo kote penye Kiswahili. Ninalolipenda ndani yake ni kwamba halina kelele. Mume anamuaga mkewe kwa adabu, anamkabidhi kwa Mola, anataja tumaini la kukutana tena huko mbele. Wapo wanaosema mwanamume Muislamu hapaswi kuonyesha huzuni yake hadharani. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba, na Shaaban Robert hakwenda mbali na njia hiyo.

Baada ya msiba, karani huyu akabaki na watoto na hofu ya kila mzazi aliyefiwa, kwamba na yeye anaweza kuondoka kabla hawajakua. Akawatungia tenzi mbili za wasia, mmoja wa binti yake Mwanjaa, mwingine wa mwanawe Suleiman. Ule wa binti ni Utenzi wa Hati, na wa mwana ni Utenzi wa Adili. Kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona wa Pate alikuwa amemwachia binti yake utenzi wa namna hiyo, na huwezi kumsoma mmoja bila kumkumbuka mwingine. Zote mbili alizitia ndani ya Maisha Yangu, kitabu chake cha kujieleza, na mahali alipoziweka panasema jambo. Mtu anayesimulia maisha yake kwa kawaida hujaza vyeo, safari na watu wakubwa aliokutana nao. Huyu katikati ya habari zake ameweka mawaidha kwa watoto wawili. Kama hesabu ya nafsi yake ilikuwa na jumla, basi aliiandika hapo.

Maisha Yangu ni kitabu cha ajabu kwa jinsi kilivyo cha kawaida. Msomaji wa leo, aliyezoea watu kujipiga picha asubuhi na jioni, atatafuta siri na hatazipata. Shaaban Robert anazungumza juu ya ndoa, kazi, uhamisho, wenzake wa ofisini, na kila mara anatoka kwenye tukio kwenda kwenye swali la mwenendo: je, nilifanya haki? Sisi katika darasa la tasawwuf tunaliita jambo hilo muhasaba, mtu kujihesabu kabla hajahesabiwa. Yeye hakulipa jina la Kiarabu. Alilifanya tu, katika Kiswahili cha nyumbani. Alipovuka miaka hamsini akaandika sehemu ya pili, na baadaye sehemu hizo mbili zikachapishwa pamoja kwa jina la Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Zipo pia barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, ambazo zilikuja kutolewa kuwa kitabu. Ndani ya barua mtu hana hadhira ya kuipendeza, na bado ni mtu yuleyule wa vitabuni. Kwa mwandishi yeyote huo ni ushahidi mzito.

Sasa siasa. Hapa ndipo wenzangu wengi humkata. Katika mjadala mmoja wa jumuiya yetu ndugu mmoja alisema wazi kwamba Shaaban Robert alikuwa mtumishi mtiifu wa mkoloni, alipokea nishani ya MBE kutoka kwa dola ya Kiingereza, akatunga utenzi mrefu wenye beti kiasi cha elfu tatu juu ya Vita vya Pili vya Dunia, na Waingereza na washirika wao ndio waliokuwa upande wa uhuru katika utenzi huo. Yote hayo ni kweli. Mimi pia Utenzi wa Vita vya Uhuru unanipa taabu. Ninapousoma hujiuliza uhuru wa nani, maana Tanga, Pangani na Cyangugu zilikuwa bado chini ya bendera za wengine siku vita vilipokwisha.

Lakini ndugu yetu huyo alikuwa hajasoma Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Ina mfalme, ina mawaziri, ina baraza, na ndani ya baraza hilo anashtakiwa kijana aitwaye Karama. Kosa lake ni kwamba amefundisha watu sheria, ili kila mmoja ajue haki yake na aweze kujitetea. Mshitaki ni waziri, na jina lake ni Majivuno. Karama hamtukani mtu. Siku baada ya siku, kwa siku sita, anasimulia mbele ya mfalme habari za wajumbe sita ambao Kusadikika iliwatuma zamani pande zote nne, na mbinguni, na ardhini, wakatafute mambo mema ya kuiletea nchi. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini: kila mmoja alikwenda, akataabika, akarudi na elimu mkononi, na kila mmoja alilipwa adhabu. Karama anaiacha nchi ijihukumu kwa kumbukumbu zake yenyewe.

Ni nani asiyeona nchi hiyo ni ipi? Mwaka 1953 serikali ya Tanganyika ilitoa waraka wa kuwazuia watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa, na TANU ikazaliwa mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954. Karani wa Tanga alikuwa amekwisha kuandika miaka mitatu nyuma kwamba kosa kubwa mbele ya watawala ni kumfundisha raia sheria inayomhusu. Aliandika akiwa ndani ya ofisi ya serikali hiyohiyo, na mshahara wake ulitoka humo. Je, ni woga kwamba aliiweka nchi angani badala ya kuitaja? Mimi naona ni hikma ya mtu mwenye watoto wa kulea, na ni hikma ya zamani sana. Ibn al-Muqaffa aliweka maneno ya namna hiyo katika vinywa vya wanyama wa Kalila na Dimna, karne ya pili ya Hijra, mbele ya watawala wasiopenda kukosolewa. Shaaban Robert alijua njia ya hadithi za Mashariki. Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, mizizi yake iko katika kisa cha Alfu Lela Ulela, na humo mtu mwema analazimika kuwachapa viboko ndugu zake waliogeuzwa manyani, kila usiku, huku moyo wake unauma. Nikiulizwa ni picha gani ya utawala inayonitisha kuliko zote katika vitabu vyake, nitasema hiyo, ya aliyepewa fimbo asiyoitaka.

Kuna neno ambalo hulirudia katika kazi zake zote, nalo ni utu. Majina ya wahusika wake ni sifa zao: Adili, Karama, Hasidi, Majivuno, Utubora. Wahakiki wengine huuona mtindo huo kuwa wa kitoto, kwa kuwa msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza nani mbaya. Sikubaliani nao kwa yote, ingawa wana hoja: mtu halisi huwa na Hasidi na Adili ndani ya kifua kimoja. Ila sentensi zake ndizo zinazomwokoa. Ni sentensi zilizosimama mbili mbili kama watu katika safu ya sala, moja inatoa neno na nyingine inalipima. Kiarabu kimo ndani yake bila kujitangaza. Anaandika hati za Kirumi, kwa lugha ambayo muuza samaki wa Pangani angeielewa na shehe wa Lamu asingeidharau. Kwa sisi ambao tukipanda mimbari ya wanafunzi hujaza hotuba istilahi za Kiarabu ambazo nusu ya waumini hawazielewi, mtindo huo ni aibu kidogo, na aibu nzuri.

Mwaka 1952 aliutoa pia kwa Kiswahili utungo wa Omar Khayyam. Najua wapo watakaouliza mshairi Muislamu anataka nini na beti zenye kutaja mvinyo. Swali hilo waulizwe pia Waajemi, ambao kwa karne nyingi wamebishana kama mvinyo wa washairi wao ni wa chupa au ni wa mapenzi ya Mungu. Yeye aliona hapo mtu anayefikiri juu ya kifo, basi akamfungulia mlango. Mwaka 1958 akafanya jambo jingine ambalo wengi hawakulitarajia kwa mtu wa heshima zake: akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, mwanamke wa ukoo wa kitumwa aliyeanza kwa kuuza vyungu na akafika kurekodiwa sahani za santuri huko Bombay. Siti alikuwa amefariki mwaka 1950. Shaaban Robert alimwandikia kama mtu anavyomwandikia mwanachuoni, kwa adabu na bila ya kumtafutia aibu.

Narudi kwenye jina. Mimi ni mtu wa Nkombo, kisiwa kilichomo Ziwa Kivu upande wa Rusizi. Lugha yetu ya nyumbani inakaribiana na Kihavu cha Ijwi na kando za Kongo, na ukiizungumza katika basi la Kigali watu hukugeukia, wakakuuliza umetoka nchi gani. Kinyarwanda tulikipata vizuri shuleni. Kiswahili tulikipata kwenye mitumbwi, kwa wauza sambaza na wanunuzi wa Bukavu, kabla hakijawa somo la kitabu. Kwa hiyo mtu wa Nkombo akiwa Muislamu ana maswali mawili juu ya kichwa chake: wewe kweli Mnyarwanda, na wewe si Mswahili? Nilipomsoma Shaaban Robert kwa mara ya kwanza kwa utulivu, nje ya mtihani, niliona kwamba maswali hayo yeye aliyamaliza bila ugomvi. Hakudai damu ya Kiarabu ili apate heshima, jambo ambalo watu wengi wa pwani walilifanya wakati wake, na hakuyakana maji ya Wayao yaliyomzaa. Alisema kwa kazi yake kwamba lugha ni mahali, na mtu anaweza kuwa mwenyeji wake kwa kuitumikia. Shairi lake linalokilinganisha Kiswahili na maziwa ya mama ndilo watu hulitaja zaidi, lakini ushahidi wenyewe ni ile miaka zaidi ya thelathini.

Siku hizi kuna vijana wa Kiislamu Rwanda ambao hawataki tena kuitwa Waswahili. Wanasema sisi ni Wanyarwanda Waislamu, basi, na jina hilo la kambi life. Nawaelewa. Kambi ilikuwa dhuluma. Lakini tukilitupa neno kwa sababu waliolitumia walikuwa na dharau, tutakuwa tumewaachia wao haki ya kulifasiri. Shaaban Robert alilichukua lilipokuwa na dharau pia, maana hata pwani Mswahili aliitwa mtu asiye na kabila.

Alipewa pia tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi, na alikaa katika kamati za lugha za Afrika Mashariki na katika baraza la mji wa Tanga. Utajiri hakuupata. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, akauona, kwa muda mfupi. Alifariki Juni 1962, umri wake miaka 53, siku chache tu kabla ya Rwanda kupandisha bendera yake tarehe 1 Julai. Allah amrehemu na amsamehe. Alizikwa kwao, karibu na alipozaliwa.

Sehemu kubwa ya vitabu vyake ilichapishwa yeye akiwa kaburini: Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Utubora, mhusika wa kitabu hicho, ni mtu aliyeacha kazi ya ofisi na mshahara wake, akaenda kulima shamba. Karani wa forodha aliandika habari hiyo mwenyewe, kwa mkono uleule uliojaza majalada. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na nakala ya Kusadikika niliyoisoma mimi ilivuka ziwa kutoka Bukavu ndani ya kikapu, haina jalada, kurasa mbili za mwanzo zimeliwa na maji.